Kanisani anamkumbatia kila mtu, nyumbani hataki nimguse

Swali: Bwana asifiwe. Mimi na mume wangu tuna wavulana wawili, wa miaka 9 na 6. Wiki sita zilizopita tulimleta nyumbani binti tuliyemuasili kutoka nchi nyingine. Hati zinasema ana miaka minne, na karibu maisha yake yote aliishi katika kituo cha watoto. Kanisani anamkimbilia kila mtu, anakaa mapajani mwa watu asiowajua, na wote wanasema ana upendo wa ajabu. Nyumbani mimi hanitaki. Nikimshika anakakamaa, ananisukuma, anamwendea baba yake. Anaficha chakula ndani ya foronya. Usiku anapiga mayowe. Mume wangu anaona anahitaji kurudiwa kidogo kwa fimbo kama tulivyowalea kaka zake. Mchungaji anataka tusimame naye mbele tutoe ushuhuda, na walimu wa shule ya Jumapili wanamsubiri kwa hamu. Tunaomba kila siku. Tunakosea wapi? (Mama wa watatu)

Jibu: Dada, nianze na kanisani, maana hapo ndipo panapotakiwa kubadilika kwanza, tena Jumapili hii hii. Mengine uliyoyaeleza ni ya kawaida kwa mtoto aliyetoka kituoni akiwa na wiki sita tu katika nyumba mpya, nayo yana njia zake.

Mtoto wa miaka minne aliyelelewa na wazazi wake, akiingia penye watu asiowajua, hujificha nyuma ya mama, huchungulia, kisha taratibu huzoea. Binti yako hafanyi hivyo kwa sababu hajawahi kuwa na mtu mmoja wa kujificha nyuma yake. Kituoni walezi hupokezana zamu. Anayemwogesha asubuhi siye anayemlaza usiku, na yule aliyempenda zaidi huenda aliacha kazi bila hata kumuaga. Katika maisha ya namna hiyo mtoto mwerevu hujifunza kumchangamkia mtu mzima yeyote aliye karibu, kwa kuwa kuchangamka ndiko kunakoleta kubebwa, kuongezewa chakula, kusikilizwa dakika mbili. Kwa hiyo hicho washirika wanachokiita upendo ni ujuzi wa kujitafutia riziki, na umemfikisha hapa salama. Shida ni kwamba ukizidi kumlipa kila Jumapili, hana haja ya kujua kwamba wewe ni tofauti na watu wengine wote waliomo mle ndani.

Jambo hili limechunguzwa sana tangu utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989 na dunia ikaona hali ya watoto katika vituo vya nchi ile. Nchini Uingereza, mtafiti Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto 165 walioasiliwa kutoka Romania. Wale waliotoka vituoni kabla ya kufikisha miezi sita wengi walikuja kuwa sawa na wenzao. Miongoni mwa waliokaa zaidi ya hapo, matatizo yalikuwa mengi zaidi, na mojawapo lilikuwa hili la kuwazoea wageni kupita kiasi. Baadaye mradi wa utafiti wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, chini ya Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, ulihusisha watoto 136 wa vituoni, nusu yao wakapangiwa familia za malezi kwa bahati nasibu. Waliohamia kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushikamana vizuri na walezi wao. Wako amekuja akiwa mkubwa kuliko hapo. Kushikamana nanyi kunawezekana kabisa, ila kutachukua muda mrefu, na tabia ya kukumbatia wageni inaweza kubaki hata baada ya yeye kujua vizuri kwamba ninyi ndio wazazi wake. Usiifanye kipimo cha anavyokupenda.

Sasa kanuni yenyewe. Kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, mambo haya yatoke mikononi mwenu wawili tu: chakula na kinywaji, kuogeshwa na kuvalishwa, kulazwa, kubembelezwa anapoumia, na kubebwa. Nyanya na babu nao wangoje. Kaka zake wacheze naye kadiri wanavyotaka, ila wasimlishe wala wasimbebe. Mtu akileta zawadi au peremende, akupe wewe, nawe umpe mtoto. Wageni wanaruhusiwa kumpungia mkono, kumgonga kiganja, kumsifia viatu. Akimrukia mtu, mtu huyo asimsukume wala asimkumbatie, ashuke usawa wake, aseme "Mama yako yuko wapi? Twende kwa mama," na amlete. Hilo la kumrudisha kwako, likifanywa na watu kumi katika Jumapili moja, linamfundisha kuliko maelezo yako yote.

Familia za Kikristo hapa hukwama mahali wasipopatarajia. Kanisa lina mikono mingi yenye upendo, na kwa mtoto huyu mikono mingi ndiyo iliyokuwa shida tangu mwanzo. Hebu itazame shule ya Jumapili kwa macho yake: chumba chenye watoto wengi, vitu vya kuchezea vya wote, mwalimu wa wiki hii siye wa wiki ijayo, mama anaondoka na mlango unafungwa. Ni kituo kilekile. Wapo watoto wanaolia kwa hofu wakiachwa humo. Wapo wengine, na nadhani wako ni mmoja wao, wanaoingia bila hata kugeuka nyuma, na walimu wakafurahi kwamba amezoea upesi. Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Kwa hiyo kwa sasa asiende shule ya Jumapili. Akae nanyi ibadani, na ibada iwe fupi. Fikeni nyimbo za kwanza zikiwa zimeshaanza, kaeni nyuma karibu na mlango, mbali na spika, yeye akiwa katikati yenu wawili. Kelele za ghafla na umati humchosha haraka, na mtoto aliyechoka huonekana kama mtoto mtundu. Anzeni na dakika ishirini. Ondokeni kabla ya salamu za mwisho, kwa kuwa hapo ndipo mikono inapokuja kutoka pande zote. Wiki mkiona anakuangalia wewe kwanza kabla ya kumwendea mtu, ongezeni dakika kumi. Mkipishana Jumapili, mmoja wenu akaenda na wavulana huku mwingine amebaki nyumbani na binti, hakuna dhambi yoyote hapo. Shule ya Jumapili itakuja baadaye, nawe utaanza kwa kukaa ndani ya darasa, halafu kwenye kiti cha mlangoni, halafu utatoka dakika tano na kurudi ukiwa umemwambia kwamba utarudi. Muombe mwalimu mmoja akubali kuwa yeye huyohuyo kila wiki.

Mchungaji mwandikie ujumbe mapema, msimweleze mlangoni watu wakipita. Waweza kuandika hivi: "Mchungaji, tunashukuru kwa upendo wa kanisa kwa binti yetu. Kwa miezi sita ijayo tunaomba washirika wamsalimie kwa kumpungia mkono, wasimbebe, wasimlishe, wasimpige picha. Akiwakimbilia wamrudishe kwetu. Anajifunza wazazi ni akina nani. Ushuhuda tunaomba usubiri. Wanaotaka kutusaidia, tunahitaji chakula kilichopikwa kiletwe mlangoni, mtu wa kuwachukua wavulana kwenye michezo Jumamosi, na maombi." Atangaze yeye, si wewe. Likitoka kwake linakuwa utaratibu wa kanisa. Likitoka kwako linakuwa maringo ya mama mmoja. Najua wapo watakaonuna hata hivyo. Wanune.

Sasa wewe. Kukataliwa na mtoto uliyemngoja miaka ni jambo linalouma, na kina mama wengi hulificha kwa aibu. Kwa kawaida anayekataliwa ni yule anayekaa karibu zaidi, na mara nyingi ni mama, kwa kuwa walioondoka kabla yako walikuwa wanawake: aliyemzaa, kisha walezi mmoja baada ya mwingine. Baba ni mtu wa aina mpya kwake. Hajawahi kumpoteza baba. Wewe ndiye unayemtia hofu, kwa sababu wewe ndiye anayeanza kukuhitaji.

Kinachoharibu hapa ni baba kuwa kimbilio. Analia, baba anambeba, ananyamaza, baba anajisikia vizuri, na kila siku njia ya kwako inazidi kuota majani. Kwa wiki nane hivi mume wako arudi nyuma kidogo katika mambo ya kubembeleza na kulisha, ingawa asimfukuze. Akimletea kikombe amwambie, "Mama ndiye mwenye maji, twende wote." Akiumia, wote wawili mkae chini, baba amshike mgongo huku wewe unaosha kidonda. Yale anayoyapenda zaidi yatoke kwako, na yale ya kuudhi, kama kukata kucha na dawa chungu, mgawane au ayachukue baba.

Kumgusa, usilazimishe. Mtoto ambaye hajazoea kushikwa anaweza kuhisi kukumbatiwa kwako kama kukabwa. Anza mbali na kifua. Mpake mafuta mikononi kila jioni, kidole kimoja kimoja, ukivihesabu kwa lugha yake. Akiondoa mkono, sema sawa, na kesho rudi tena. Kaa nyuma yake ukimchana nywele mbele ya kioo, kwa kuwa macho yanapokutana ndani ya kioo hayatishi kama ana kwa ana. Cheza naye michezo ya watoto wadogo kuliko yeye, kama kujificha uso nyuma ya kitambaa, kurushiana mpira mkiwa mmekaa, kumpa vipande vidogo vya tunda mdomoni naye akikupa wewe. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, simu ikiwa chumba kingine, yeye akiongoza mchezo. Umri wake wa moyo na umri wa kwenye hati havilingani, na michezo hii ndiyo aliyoikosa.

Ukiona wiki zinapita huwezi kulala hata akiwa amelala, unalia bila sababu, au unamhudumia kama unayetimiza wajibu tu huku huhisi lolote, nenda kwa daktari. Sonona baada ya kuasili ipo, huwapata akina baba pia, na inatibika. Kujilaumu kwamba imani yako ni ndogo kutakuchelewesha tu.

Chakula cha kwenye foronya hakina ugumu sana, ilimradi wote nyumbani mfuate njia moja. Mtoto aliyewahi kulala njaa, au aliyekuwa akinyang'anywa na wakubwa, haamini kwamba kesho kipo. Mpe chombo chake chenye mfuniko, akae nacho chumbani, na ndani yake weka vitu visivyooza haraka. Kila asubuhi mkijaze pamoja. Mpe cha kula kila baada ya saa mbili hadi mbili na nusu, milo na vitafunio vikiwa kwa saa zilezile. Ukikuta kingine kimefichwa, kiondoe bila hotuba na umwonyeshe tena mahali pa chombo chake. Usifunge kabati kwa kufuli. Usitumie chakula kumzawadia wala kumwadhibu. Akila hadi kutapika, pakua kidogo na uweke bakuli la nyongeza mezani alione, kwa sababu kuona kwamba kimebaki ndiko kunakomtuliza. Kuficha huko huweza kuchukua miezi kadhaa kuisha, na hurudi mkisafiri au mkipata wageni.

Na sala ya mezani iwe fupi! Kumweka mtoto wa namna hii mbele ya sahani, mkamzuia kugusa kwa dakika tatu huku baba akiombea mataifa, ni kumtesa bila kujua. Mpe kipande mkononi kwanza, imbeni shukrani ya mstari mmoja, mle. Siku mnazofunga, yeye ale kama kawaida, nawe kaa naye mezani. Asije akaona meza tupu akajua yale ya zamani yamerudi.

Usiku alale chumbani mwenu, godoro lake likiwa karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamfikia. Amezoea kulala na wenzake wengi, na chumba cha peke yake chenye ukimya, hata kikiwa kimepambwa vizuri namna gani, ni kitisho. Acha taa ndogo. Mpangilio uwe uleule kila siku: kuoga, mafuta, kitabu cha picha kimoja, wimbo, sala ya sentensi mbili, mkono. Usimlazimishe kufumba macho wakati wa sala. Kuna watoto ambao hawawezi kufumba macho mbele ya mtu mzima, na Mungu anawasikia wakiwa wameyafumbua. Akiamka akipiga mayowe huku anaonekana hakutambui, usimtikise wala usiwashe taa kubwa. Kaa karibu, sema kwa sauti ya chini maneno yaleyale kila mara, ngoja. Asubuhi huenda hatakumbuka.

Hapa niseme jambo kwa ukali kidogo. Mayowe ya usiku, kukakamaa na hasira za ghafla vina sababu inayojulikana, yaani mwili uliozoea kujilinda. Mtu yeyote asije kumkemea pepo. Kumzunguka mtoto mwenye hofu kwa watu wazima wanaopaza sauti na kumwekea mikono kichwani kutamwongezea hofu ileile mnayotaka imtoke, na atajifunza kwamba nyumba hii mpya inamwona ni mchafu. Wanaotaka kumwombea waombe wakiwa kwao.

Kuhusu kurudiwa. Mume wako bila shaka ana Mithali 13:24 akilini, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, nami simlaumu kwa kuichukulia Biblia kwa uzito. Lakini mtoto hufaidika kwa kurudiwa na mtu ambaye tayari anajua hatamwacha. Wavulana wenu walikuwa na uhakika huo tangu wakiwa tumboni; huyu ana wiki sita. Kofi kwake halina fundisho lolote zaidi ya kuthibitisha alichokuwa akikishuku, kwamba watu wazima huumiza, na kazi yote ya kuwaamini inaanza upya. Isitoshe, katika nchi nyingi kumpiga mtoto ni kosa kisheria hata nyumbani, na mashirika mengi ya kuasili huwatia wazazi saini ya kutompiga mtoto. Msome tena mlichosaini. Kumtenga chumbani au kumsimamisha kona nako kuacheni, kwa kuwa adhabu ya kuachwa peke yake ndiyo aliyoishi nayo.

Badala yake fanyeni hivi. Kabla ya kusema lolote jiulizeni: amekula lini, amelala kiasi gani, kuna kelele gani? Nusu ya vurugu huishia hapo. Kisha shuka usawa wa macho yake, upande wake na si mbele yake. Tumia maneno machache sana, "Hapana kupiga. Mkono taratibu," na umwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe, halafu arudie tendo lilelile kwa namna inayofaa, mpongeze, mwisho wa habari. Kumpa nafasi ya kurudia vizuri kunafundisha mwili, wakati hotuba ya dakika tano katika lugha aliyoianza wiki sita zilizopita haifundishi chochote. Akiwa amelipuka kabisa, kaa naye chini, mwondolee vitu vya kuumiza, usiongee sana, mpe maji akitulia. Wavulana watasema mnampendelea. Wana haki ya kusema hivyo. Waelezeni wazi kwamba dada yao hajafundishwa bado yale wao waliyofundishwa wakiwa wachanga, na kila mmoja apate robo saa yake ya peke yake na mzazi kila siku, hasa yule wa miaka sita, ambaye amepoteza nafasi ya kitinda mimba bila kuulizwa.

Lugha yake itapotea upesi kuliko mnavyodhani. Katika umri huu mtoto anaweza kuacha kuizungumza ndani ya miezi michache asipoisikia, na kuna kipindi cha katikati ambapo ya zamani imekwisha na mpya haijatosha. Hasira huongezeka hapo kwa sababu hana namna ya kusema. Jifunzeni maneno ishirini ya kwake sasa hivi: maji, choo, inauma, naogopa, njoo, nimeshiba, narudi, hapa, usingizi, na yale ya kumpongeza. Tafuteni nyimbo za watoto za lugha hiyo, wimbo wa kulala uwe mmojawapo. Jina lake msilifute. Ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho ni chake kabisa. Mkitaka jina la ubatizo, liwekeni baada ya lile. Na ubatizo wenyewe usifanywe kwa haraka wala mbele ya umati: mtoto aliyekuwa akiogeshwa kwa kumwagiwa maji haraka anaweza kuogopa sana maji ya kichwani, basi mzoesheni kwanza bafuni.

Ushuhuda nimesema usubiri. Kwa kweli sehemu kubwa yake isitolewe kamwe na ninyi. Mlivyoongozwa, mlivyongoja, mlivyoshukuru: hiyo ni hadithi yenu, isemeni. Alivyopatikana, nani alimwacha, alikuwa mgonjwa au mchafu kiasi gani: hiyo ni mali yake. Mkiimwaga mimbarini akiwa na miaka minne, akifika kumi na mbili atakutana nayo vinywani mwa watoto wa shule. Tena huenda si kweli. Watoto wengi waliowekwa vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Mwezi Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilieleza jinsi watoto waliopelekwa ng'ambo kuasiliwa walivyotengenezewa hati za uongo, wakiwemo waliokuwa na wazazi wanaojulikana lakini wakaandikwa kuwa yatima waliotelekezwa. Basi msiliseme neno yatima juu yake kama hamna uhakika.

Mtasikia pia mahubiri yanayounganisha familia yenu na Warumi 8:15 na Waefeso 1:5, kwamba sisi sote tumefanywa wana. Ni mafundisho mazuri. Yanapoteremshwa sebuleni hupinda, kwa sababu katika mfano huo mzazi anageuka kuwa mwokozi na mtoto kuwa aliyeokolewa, naye anabaki na deni la shukrani asiloweza kulilipa. Hana deni. Vilevile jihadharini na "Mungu alipanga uje kwetu." Mtoto wa miaka saba hufika mwenyewe kwenye swali linalofuata: je, Mungu alipanga mama yangu anipoteze? Mwambieni yale yaliyo hakika: "Ulizaliwa na mama mwingine. Kulitokea jambo la huzuni, hatulijui lote. Sasa sisi ni wazazi wako, na hatuondoki." Mama aliyemzaa aombewe katika sala za nyumbani, kwa jina kama mnalijua, kwa sauti ya kawaida kama mnavyomwombea shangazi. Mtoto akisikia hivyo anajua si mwiko kumtaja.

Walimu wa shule ya Jumapili waombeni wakuarifu kabla ya somo la Musa kwenye kisafina. Kwa watoto wengine ni hadithi ya maji na mtoto mzuri. Kwake ni mama anayemweka mtoto na kuondoka. Msomeeni kwanza nyumbani, mkisisitiza kwamba dada yake alisimama kutazama na kwamba mama alimnyonyesha tena. Esta naye analelewa na Mordekai baada ya kufiwa na wazazi, Esta 2:7, na aliendelea kuwa wa watu wake. Hiyo atakuja kuipenda akikua.

Daktari: kama bado hamjaenda, nendeni wiki hii. Nakala za chanjo na vipimo alivyokuja navyo zisaidie tu, zisitosheleze. Ombeni vipimo vya damu vya upungufu wa damu, madini ya risasi, tezi ya shingo, virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kipimo cha kifua kikuu. Choo mara tatu kwa siku tofauti kwa ajili ya minyoo na vimelea. Masikio, macho na meno. Kifua kikuu kirudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita kama cha kwanza hakikuonyesha kitu, na ukimwi na homa za ini virudiwe baada ya miezi sita, maana maambukizi ya karibuni huweza kutoonekana mara ya kwanza. Msishtuke akiwa mfupi. Madaktari wa watoto hawa hukadiria kwamba kila miezi mitatu kituoni humrudisha mtoto mwezi mmoja hivi kwa urefu, na mwaka wa kwanza nyumbani hukua kwa kasi. Kama mnashuku hana miaka minne, msikimbilie kubadili tarehe ya kuzaliwa kwa kupima mifupa sasa. Ngojeni angalau mwaka, mwili ukishapata lishe. Jambo moja la baadaye liandikeni mahali: wasichana walioasiliwa kutoka nchi nyingine huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubalehe mapema, basi akianza kuota matiti kabla ya miaka minane, daktari amwone.

Mtaalamu wa saikolojia ya watoto mtafuteni bila kungoja kama anajiumiza, anaumiza wanyama au kaka zake kwa kudhamiria, halii kabisa hata akianguka vibaya, au kama miezi sita imepita bila badiliko lolote. Mtaalamu mzuri atawataka mzazi na mtoto chumbani pamoja. Anayependekeza kumshikilia mtoto kwa nguvu hadi "aachilie hasira" au kumfunika ili aigize upya kuzaliwa kwake, ondokeni hapo hapo. Mwaka 2000 huko Colorado, Marekani, mtoto wa miaka 10 alikufa akifanyiwa tiba ya namna hiyo.

La mwisho ni karatasi, na watu hulisahau wakishafika nyumbani. Ripoti za baada ya kuasili zinazodaiwa na nchi aliyotoka zina tarehe zake. Ziandikeni kwenye kalenda leo, kwa sababu familia zinazochelewa huwaharibia watoto wanaosubiri. Hakikisheni uraia wake umekamilika kwa cheti mkononi, si kwa kuambiwa. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika 27 Februari 2001 iliwapa uraia wa moja kwa moja watoto walioasiliwa, lakini iliwaacha nje waliokuwa wameshatimiza miaka 18, na baadhi yao wamewahi kurudishwa nchi wasizozijua kwa sababu wazazi hawakujaza fomu. Mkataba wa The Hague wa 29 Mei 1993, kifungu cha 30, unazitaka nchi wanachama kutunza habari za asili ya mtoto, pamoja na utambulisho wa wazazi na historia ya afya. Kutunzwa hakumaanishi kuletewa. Kiandikieni kituo sasa, wakati walezi waliomjua bado wapo kazini, muombe picha zake za utotoni, jina la mlezi aliyemzoea, wimbo aliokuwa akiimbiwa, mahali alipokuwa akilala, nguo aliyofika nayo kama bado ipo. Nakala za hati ziwe mbili, moja nje ya nyumba yenu.